Kalamu na Dawa: Historia ya Mamlaka ya Kumwandikia Mgonjwa Dawa Budondo na Mashariki ya Uganda, 1897–2020

Ikisiri

Mjadala wa kuwaruhusu wafamasia kuwaandikia wagonjwa dawa huzungumzwa Afrika Mashariki kana kwamba ni jambo jipya lililoletwa kutoka ng'ambo. Makala hii inaonyesha kwamba mashariki ya Uganda, hususan Busoga, mamlaka hayo yamekuwa yakihama kutoka mkono hadi mkono kwa zaidi ya karne moja. Kwa kutumia ushahidi wa historia ya tiba, sheria na msamiati, makala inabainisha hali mbili zilizojirudia: watu waliopewa mafunzo bila kupewa kalamu, na watu walioshika kalamu bila kupewa mafunzo. Hali ya tatu, ambamo mafunzo na kalamu vilitolewa pamoja, ilitokea Uganda mwaka 2004 kuhusu mofini. Makala inahitimisha kwamba sera ya kupanua kazi ya mfamasia ijengwe juu ya mfano huo, na kwamba lugha ya mgonjwa iwe sehemu ya mafunzo yenyewe.

Istilahi muhimu: kuandika dawa, mfamasia, duka la dawa, Busoga, sera ya lugha

1. Utangulizi

Budondo iko kaskazini mwa mji wa Jinja, katika ukingo wa mashariki wa Mto Nile, jirani na mahali palipokuwa na maporomoko ya Bujagali kabla ya bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012 kuyameza. Tangu Julai 2020 eneo hilo limo ndani ya Jiji la Jinja, lakini sehemu yake kubwa ingali mashamba. Lina kituo cha afya cha daraja la nne, yaani kituo ambacho katika mpangilio wa huduma wa Uganda hutarajiwa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji. Vilevile, kama ilivyo katika vitongoji vyote vya Busoga, kuna maduka madogo ya dawa kandokando ya barabara na karibu na masoko.

Mzazi ambaye mtoto wake amepata homa usiku huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kwenda kituoni, apange foleni, aandikiwe dawa, kisha pengine aambiwe kwamba dawa hiyo haipo na aende akainunue. Ya pili ni kwenda dukani moja kwa moja, aeleze hali ya mtoto, apewe vidonge kulingana na fedha alizo nazo. Katika njia ya kwanza dawa imeandikwa na mtu mwenye mamlaka ya kisheria. Katika njia ya pili hakuna kilichoandikwa, lakini uamuzi umefanywa: mtu fulani ameamua ugonjwa ni upi, dawa ni ipi na kipimo ni kipi. Makala hii inahusu historia ya uamuzi huo na watu walioufanya.

Swali hili limepata uzito mpya kwa sababu mbili. Kwanza, usugu wa vimelea dhidi ya dawa umeongezeka. Mwaka 2021 watafiti walichapisha ushahidi wa usugu wa malaria dhidi ya atemisinini kaskazini mwa Uganda, na atemisinini ndiyo msingi wa dawa mseto zinazotegemewa na nchi nzima. Pili, vyuo vya Uganda sasa vinatoa wafamasia wenye shahada ambao sheria inawatambua kama walinzi na watoaji wa dawa, lakini si kama waamuzi wa tiba. Je, wapewe mamlaka hayo? Na kama watapewa, kwa mafunzo gani? Historia haiwezi kujibu maswali haya peke yake, lakini inaweza kuonyesha yaliyotokea kila mara jibu lilipotolewa bila kufikiriwa.

2. Ushahidi wa maneno

Msamiati wa tiba ni kumbukumbu ya mamlaka. Katika Kisoga, kama ilivyo katika Kiganda, anayetibu huitwa omusawo, neno ambalo wasemaji wengi hulihusisha na ensawo, yaani mfuko. Msawo ni mtu wa mfuko: hubeba dawa zake, huchunguza, huamua na hutoa. Dawa yenyewe katika Kisoga ni obulezi, na katika Kinyole, lugha ya majirani walio upande wa Mbale, ni obulesi. Maneno haya hayatenganishi anayeamua na anayetoa. Katika tiba ya asili, pamoja na ile iliyohusishwa na mizimu ya Budhagali pale maporomokoni, kutenganisha kazi hizo mbili kusingekuwa na maana. Mamlaka ya dawa yalikuwa ya mtu mmoja.

Kiswahili nacho kinahifadhi historia hiyo kwa namna yake. Kitenzi kuganga kina maana ya kutibu na pia ya kufunga au kuunga kilichovunjika. Nchini Tanzania neno mganga halikuachiwa tiba ya asili peke yake, kwani serikali ililichukua, na hadi leo kuna Mganga Mkuu wa Serikali na Mganga Mfawidhi wa zahanati. Tabibu lilitoka Kiarabu, daktari likaja na hospitali, na mfamasia likafuata baadaye sana, likiwa limetoholewa pamoja na taaluma yake. Kwa hiyo mfamasia aliingia katika lugha akiwa mgeni katika nyumba iliyokwisha kugawiwa vyumba.

Kuna neno moja zaidi linalostahili kuangaliwa. Kiswahili husema daktari amemwandikia mgonjwa dawa. Kiganda na Kisoga hutumia kitenzi okuwandiika, ambacho ukaribu wake na kuandika unaonekana wazi. Katika lugha hizi zote, mamlaka mapya ya tiba yalifungamanishwa na kalamu. Si kumjua mgonjwa wala kuijua dawa kulikomtofautisha daktari na wengine, bali ni haki ya kuandika karatasi ambayo mtu mwingine angeitii. Aliyeipokea karatasi hiyo akawa mtoaji. Mgawanyo huu wa kimaneno, ambao leo unaonekana wa kawaida, uliletwa na taasisi maalumu katika kipindi kinachojulikana.

3. Mafunzo bila kalamu, 1897–1950

Albert Cook wa Shirika la Misheni la Kanisa la Uingereza alifika Buganda mwaka 1897 na kuanzisha Hospitali ya Mengo mwaka huohuo. Miaka michache baadaye Busoga ilikumbwa na malale. Maradhi hayo yaliyotambuliwa na Cook na ndugu yake mwaka 1901 yaliteketeza watu wengi sana katika mwambao wa Busoga na Buganda na visiwa vya ziwa, na kuanzia mwaka 1906 serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa mwambao. Kwa Wasoga wengi huo ndio ulikuwa mkutano wa kwanza na tiba ya serikali: kambi, sindano na amri.

Tukio moja la kipindi hicho lina funzo kwa mjadala wa leo. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, mmoja wa wanasayansi mashuhuri kuliko wote wa zama zake, aliwatibu wagonjwa wa malale katika Visiwa vya Ssese kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Baadhi ya wagonjwa walipofuka. Hakuna aliyekuwa na sifa kubwa kuliko Koch, na bado sifa hizo hazikuwalinda wagonjwa. Kilichokosekana ni mipaka ya kipimo, ufuatiliaji na mtu wa pili wa kuhoji uamuzi. Hoja kwamba daktari peke yake ndiye salama kwa sababu ni daktari haijapata kuwa na msingi imara katika historia ya eneo hili.

Huduma ilipopanuka, haikuwezekana kuiendesha kwa madaktari wa Kizungu pekee. Hospitali ya Mulago ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa, na mwaka 1924 mafunzo ya utabibu kwa Waafrika yakaanza Makerere na Mulago. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakunga walifunzwa Mengo. Masista wa Kifransisko wakiongozwa na Mama Kevin, aliyefika Nsambya mwaka 1903, walieneza zahanati mashariki, na baadaye wakaanzisha vituo vya ukoma Nyenga na Buluba, kila kimoja upande wake wa Nile. Katika zahanati hizo waliofanya kazi ya kila siku walikuwa wasaidizi: madresa waliofunga vidonda, watoaji dawa waliochanganya michanganyiko, na matabibu wasaidizi waliopima na kuamua.

John Iliffe, katika kitabu chake kuhusu madaktari wa Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 1998, ameeleza jinsi wahitimu wa Makerere walivyoitwa wasaidizi kwa muda mrefu na jinsi walivyopigania kutambuliwa kuwa madaktari kamili, jambo lililokamilika kwa hatua hadi miaka ya 1950. Watu hawa walikuwa na mafunzo, na katika zahanati za mbali walikuwa wakiamua tiba kila siku. Walichonyimwa ni jina na haki. Sababu zilizotolewa zilizungumzia usalama wa wagonjwa, ilhali utendaji wa serikali iliyowategemea kila siku ulionyesha kwamba swali halisi lilikuwa la daraja na rangi. Mwanasera anayesikia leo kwamba mfamasia hawezi kuandika dawa kwa sababu za usalama ana haki ya kuuliza kama hoja hiyo inatokana na ushahidi au na mpaka wa daraja. Na huenda jibu likawa vyote viwili.

4. Kalamu bila mafunzo, 1970–2000

Sheria ya Famasia na Dawa ya mwaka 1970 iliiweka taaluma ya famasia ya Uganda katika msingi wa kisheria na kuanzisha chama cha wafamasia. Ilitungwa wakati nchi ilikuwa na wafamasia wachache sana, wengi wao wakiwa wa asili ya Asia au wageni. Miaka miwili baadaye, mwaka 1972, Idi Amin aliwafukuza Waasia. Jinja, mji ambao biashara yake ilikuwa mikononi mwa jamii hiyo kwa kiasi kikubwa, ulipoteza wenye maduka yake katika muda wa miezi mitatu. Madaktari na wafamasia wengine waliondoka katika miaka iliyofuata. Sheria ilibaki kitabuni, watu wa kuitekeleza wakawa hawapo.

Mwaka 1976 malale yalirejea Busoga kwa nguvu na kuendelea hadi muongo uliofuata. Wakati huohuo dawa za serikali zilikuwa zimepungua, na mishahara ya watumishi wa afya haikutosha kununua chakula cha wiki. Ndipo dawa zikahamia majumbani. Muuguzi aliyefanya kazi hospitalini asubuhi alitibu jirani zake jioni. Aliyewahi kuwa mfagiaji wa wodi alijifunza kuchoma sindano. Mfanyabiashara wa sabuni na chumvi aliongeza vidonge katika rafu yake.

Wanaanthropolojia wameichunguza hali hii mashariki ya Uganda kwa kina ambacho hakipatikani katika sehemu nyingi za Afrika. Susan Reynolds Whyte, aliyefanya utafiti Bunyole, aliandika mwaka 1991 kuhusu jinsi huduma ya afya ilivyogeuka kuwa ya kujitegemea na ya kibinafsi. Harriet Birungi, katika utafiti wake kuhusu Busoga, alionyesha jinsi watu walivyoifanya sindano kuwa chombo cha nyumbani. Hofu ya UKIMWI ilipoenea, familia zilinunua bomba lao la sindano na kumwita mtu waliyemfahamu awachome, kwa kuwa hawakuiamini tena taasisi. Kwa mujibu wa Birungi, watu hawakuwa wajinga. Walikuwa wanatafuta uaminifu, na uaminifu ulikuwa umehama kutoka jengo la serikali kwenda kwa mtu mwenye jina na nyumba inayojulikana.

Ushahidi huu unapingana na simulizi iliyozoeleka kwamba maduka ya dawa ni ukosefu wa nidhamu unaopaswa kufutwa. Maduka yalizaliwa na ukosefu wa huduma na yakaendelea kwa sababu yalikuwa karibu, yalifunguliwa usiku, yalikopesha na yalisema lugha ya mteja. Hata hivyo, gharama yake ilikuwa kubwa: dozi nusu, sindano zisizohitajika, na antibiotiki kwa mafua.

Serikali ilijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ugavi. Katikati ya miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark, ulianza mpango wa dawa muhimu uliopeleka masanduku ya dawa zilizopangwa tayari hadi katika zahanati, ukifuata orodha ya dawa muhimu ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1977. Ya pili ilikuwa sheria. Mwaka 1993 sheria ya sera ya dawa ilianzisha Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Sheria hiyo iligawanya dawa katika makundi. Zile za kundi la juu zilihitaji cheti cha daktari na usimamizi wa mfamasia, ilhali kundi C liliweza kuuzwa katika duka lililopewa leseni hata kama mwenye duka si mfamasia. Kwa njia hiyo duka la dawa lilipata uhalali, lakini uhalali wa kuuza tu. Uamuzi wa tiba uliofanyika dukani kila siku haukupewa jina lolote katika sheria. Na kwa kuwa haukuwa na jina, haukuwa na mtaala, daftari wala msimamizi.

Wakati huohuo mafunzo yalikuwa yakisonga mbele upande mwingine. Makerere ilianza kufundisha shahada ya famasia mwaka 1988. Wahitimu wake walijifunza famakolojia kwa kina kuliko mtumishi mwingine yeyote wa afya. Lakini mpangilio wa watumishi uliotokana na ugatuzi wa mwisho wa miaka ya 1990 uliwaweka hospitalini, na kituo cha daraja la nne kama cha Budondo kilipangiwa mtoaji dawa mwenye stashahada. Mfamasia aliyebaki mjini alisimamia famasia ya biashara, mara nyingi kwa jina lake katika leseni zaidi ya kuwapo kwake kaunta. Hivyo kufikia mwaka 2000 pande mbili za historia hii zilikuwa zimesimama zikitazamana: mwenye mafunzo hakuwa na kalamu, na aliyefanya kazi ya kalamu hakuwa na mafunzo.

5. Majaribio ya kuunganisha, 2001–2015

Ada za matibabu katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001. Wagonjwa waliongezeka, dawa zikaisha haraka, na wengi wakarudi dukani wakiwa na cheti mkononi. Katika muongo huo yalifanyika majaribio matatu yanayohusiana moja kwa moja na mada hii.

La kwanza ni tiba ya homa nyumbani. Mwaka 2002 Uganda ilianza kuwagawia wanavijiji wa kujitolea pakiti za dawa ya malaria zilizofungwa tayari, zikitofautishwa kwa rangi kulingana na umri wa mtoto, ili mzazi apate dawa ndani ya saa 24. Mtu asiye na cheti chochote cha utabibu alipewa ruhusa ya kuamua tiba, lakini uamuzi huo ulikuwa umepunguzwa hadi maswali mawili: je, mtoto ana homa, na ana umri gani? Kuanzia mwaka 2010 mpango ulipanuliwa. Ukaongeza kipimo cha haraka cha malaria, dawa mseto, amoksilini kwa nimonia, pamoja na zinki na chumvi za kuongeza maji mwilini kwa kuhara. Kwa maneno mengine, kalamu ilipelekwa kijijini baada ya kugeuzwa kuwa mwongozo mwembamba.

La pili ni kipimo cha malaria madukani. Utafiti uliofanyika katika maduka ya dawa yaliyosajiliwa Wilaya ya Mukono, ng'ambo ya Nile, na kuchapishwa mwaka 2015, ulilinganisha maduka yaliyofundishwa kutumia kipimo cha haraka na yale yaliyoendelea kukisia kwa dalili. Katika maduka yenye kipimo, takriban asilimia 73 ya wateja walipata tiba iliyostahili, dhidi ya takriban asilimia 34 katika maduka mengine. Wauzaji walikuwa watu wa aina ileile katika maduka ya aina ileile. Kilichobadilika ni mafunzo, chombo na ufuatiliaji.

La tatu, ambalo ndilo muhimu kuliko yote kwa mwanasera, ni mofini. Anne Merriman alianzisha huduma ya wagonjwa wenye maumivu makali Kampala mwaka 1993. Ilidhihirika mapema kwamba mgonjwa wa saratani aliye kijijini hatapata nafuu iwapo lazima asubiri daktari, kwa kuwa daktari hayupo. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni zake na kuwaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliomaliza mafunzo maalumu ya miezi tisa kuwaandikia wagonjwa mofini ya kunywa. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo. Hapa hapakuwa na kufumbia macho. Dawa iliyo katika kundi linalodhibitiwa kwa ukali kuliko yote ilikabidhiwa mtumishi asiye daktari kwa masharti manne: kozi inayojulikana urefu wake, orodha fupi ya dawa, daftari linalokaguliwa, na njia ya rufaa.

Ulinganisho unajitokeza wenyewe. Kwa mofini, Uganda ilidai miezi tisa ya mafunzo na ikatoa kalamu. Kwa amoksilini, ambayo matumizi yake mabaya yanaathiri jamii nzima kwa kuzalisha usugu, kalamu inadaiwa kisheria, lakini mteja wa Budondo au Mbale anaweza kuipata bila karatasi yoyote. Udhibiti mkali wa kwenye kitabu umezaa ulegevu wa kaunta, na ruhusa yenye masharti ya wazi imezaa nidhamu.

6. Mifano ya nje na mipaka yake

Mpaka kati ya anayeandika na anayetoa haujapata kuwa wa kudumu hata huko ulikotoka. Katika karne ya 13 amri za Mfalme Frederick wa Pili huko Sisilia zilimkataza daktari kushirikiana kibiashara na muuza dawa. London, mwaka 1704, Bunge la Malodi liliamua katika kesi ya William Rose kwamba muuza dawa aweza kumshauri mgonjwa na kumpa tiba. Uamuzi wa kwanza uliogopa tamaa ya fedha. Wa pili ulikubali kwamba maskini hawakuwa na mtu mwingine. Hofu zote mbili zingalipo Jinja.

Uingereza iliwaruhusu wafamasia kuandika dawa chini ya mpango wa daktari mwaka 2003, kisha kwa kujitegemea mwaka 2006. Kozi iliyotakiwa ilikuwa na angalau siku 26 za masomo na saa 90 za mazoezi chini ya msimamizi, na kwa miaka mingi mwombaji alitakiwa kuwa na uzoefu wa miaka miwili na wagonjwa. Jimbo la Alberta, Kanada, lilifuata mwaka 2007. Afrika Kusini, mpango wa kuwaruhusu wafamasia waliofunzwa kuanzisha tiba ya VVU ulipingwa na madaktari hadi mahakamani.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Tanzania. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, yalianza kuanzishwa Maduka ya Dawa Muhimu kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Mwenye duka alitakiwa kutengeneza jengo, muuzaji alipewa mafunzo na cheti, orodha ya dawa ikapanuliwa kwa kiasi, na ukaguzi ukasogezwa wilayani. Uganda ililifanyia wazo hilo majaribio huko Kibaale miaka michache baadaye. Inafaa kuzingatia kwamba Tanzania ilibadilisha pia jina. Dawa baridi lilieleza bidhaa. Dawa muhimu lilieleza wajibu. Mafunzo, vitini na vibandiko vya mpango huo vilikuwa katika Kiswahili, lugha ya muuzaji na ya mnunuzi.

Mifano ya nje ina mpaka mmoja usioweza kupuuzwa. Mfamasia wa Uingereza anayeandika dawa katika kliniki hapati faida kwa kila kidonge. Mfamasia au muuza dawa wa Jinja huishi kwa kuuza. Kumpa kalamu bila kubadilisha namna anavyolipwa ni kumwomba afanye uamuzi dhidi ya mfuko wake kila mara dawa isipohitajika. Baadhi wataweza. Sera haiwezi kujengwa juu ya baadhi.

7. Masharti ya mafunzo

Kutokana na historia iliyoelezwa, masharti matano yanajitokeza.

Kwanza, mamlaka yafuate orodha, si cheo. Mipango iliyofanikiwa Uganda ilitaja magonjwa na dawa kwa majina: mofini kwa maumivu, dawa mseto baada ya kipimo, zinki kwa kuhara. Mfamasia aanze na orodha ya namna hiyo, ikitokana na Mwongozo wa Tiba wa Uganda, na pia na kazi ya kuendeleza tiba ya wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari ambao tayari wamechunguzwa na daktari.

Pili, mafunzo yafanyike kando ya mgonjwa. Shahada ya famasia humfundisha mwanafunzi dawa kwa undani, lakini humpa muda mfupi wa kumpima mgonjwa, kusikiliza kifua au kutambua mtoto anayehitaji rufaa ya haraka. Upungufu huo ndio unaopaswa kujazwa, kwa saa zinazohesabiwa na msimamizi anayetia sahihi. Hospitali za rufaa za Jinja na Mbale, pamoja na vyuo vya wauguzi na maafisa tabibu vilivyo katika miji hiyo, vina uwezo wa kuwa mahali pa mazoezi hayo.

Tatu, muuza dawa wa kijijini asisahauliwe. Budondo haitapata mfamasia katika kila duka hivi karibuni. Mfamasia mwenye kalamu awe pia msimamizi wa maduka ya eneo lake, ayatembelee na kukagua madaftari yake, ili ujuzi ushuke hadi unakohitajika.

Nne, malipo yatenganishwe na mauzo kadiri inavyowezekana. Kituo cha daraja la nne chenye mfamasia anayelipwa mshahara ni mahali salama zaidi pa kuanzia kuliko famasia ya biashara mjini.

Tano, lugha iingizwe katika mtaala. Dawa iliyochaguliwa vizuri na kuelezwa vibaya ni dawa iliyochaguliwa vibaya. Mgonjwa wa Budondo huelezwa ugonjwa wake kwa Kisoga au Kiganda, huandikiwa kwa Kiingereza, na hununua pakiti yenye maelezo ya Kiingereza au ya lugha ya kiwandani. Kiswahili, ambacho marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili na ambacho Baraza la Mawaziri lilikisisitiza tena mwaka 2022, kinaweza kuwa lugha ya pamoja ya vibandiko, madaftari na mitihani ya kikanda, bila kuinyang'anya Kisoga nafasi yake kaunta. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ingefaa kusanifisha istilahi chache za msingi: kuandika dawa, kutoa dawa, kuendeleza tiba na kurekebisha dozi. Sheria za nchi jirani zikitumia neno moja kwa matendo mawili tofauti, cheti cha mtaalamu hakitavuka Malaba wala Mutukula.

8. Hitimisho

Historia ya Budondo na majirani zake haionyeshi kwamba kalamu ilikuwa ya daktari tangu mwanzo na sasa inataka kuporwa. Inaonyesha kwamba daktari mwenyewe alikuja juzi, kwamba waliomsaidia walifanya kazi yake kwa miongo bila jina, na kwamba pengo alilolishindwa kulijaza lilijazwa na watu ambao hakuna aliyewafundisha. Kila mara dola ilipokataa kuutambua uamuzi uliokuwa ukifanyika, uamuzi huo haukukoma bali uliendelea bila daftari. Mara moja, mwaka 2004, dola iliutambua, ikaufundisha na kuuwekea mipaka, na wagonjwa waliokuwa wakifa kwa maumivu makali wakapata nafuu nyumbani kwao.

Kwa hiyo swali linaloletwa mbele ya washauri wa sera si kama mtu asiye daktari ataamua dawa Budondo usiku wa leo. Ataamua. Lililobaki ni kama mtu huyo atakuwa amefundishwa, kama kutakuwa na mahali alipoandika alichoamua, na kama mzazi aliyebeba mtoto ataelewa alichoambiwa.